Uzi: Cheti cha bunduki cha babu kilivyotufikisha kwenye sanduku lake

Mjukuu_wa_Makuyu (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni wa familia ambazo mzee wao alifariki miaka ya sabini au themanini bila wosia, na hadi leo hakuna anayejua vitu vyake vilikwenda wapi. Kama mzee wenu alikuwa na bunduki ya leseni, anzeni hapo. Anzeni hapo kabla ya kwenda benki, kabla ya ofisi ya ardhi, na kabla ya kumshuku mtu yeyote wa nyumbani.

Sababu ni hii. Mtu akishakufa, karibu kila kitu chake kinaweza kutoka nyumbani bila karatasi. Ng'ombe huswagwa alfajiri, redio hubebwa na mpwa, koti huvaliwa na jirani, na hatimiliki huingia mfukoni mwa mtu ikaonekana tena miaka kumi baadaye ikiwa na jina lingine. Bunduki haiendi hivyo. Cheti chake ni cha mtu mmoja kwa jina lake na hakirithiwi kama shamba. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyoko tangu miaka ya 1950, kuwa na bunduki bila cheti ni kosa, hata kama bunduki yenyewe ilikuwa ya baba yako mzazi. Kwa hiyo mzee akifariki, lazima apatikane mtu wa kuipeleka kituo cha polisi au kwa muuzaji mwenye leseni. Atataja jina lake, ataeleza ameitoa wapi, na atatia sahihi. Mara nyingi mtu huyo ndiye aliyekuwa na funguo za nyumba wiki ile ya matanga. Mimi sitafuti bunduki, natafuta ile sahihi.

Babu yetu alitoka Makuyu. Alikuwa mnyapara kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, na baada ya uhuru akanunua hisa katika kampuni moja ya kununua mashamba, kama walivyofanya wengi wakati ule. Alikuwa na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, aliyoruhusiwa kuiweka kwa sababu ya wezi wa mifugo. Mwaka wa 1984 aliugua, akaletwa Nairobi kwa shangazi yetu aliyekuwa akiishi Kaloleni, akafia hapa mjini. Alikuwa na sanduku la chuma alimohifadhi vyeti vya hisa, risiti za malipo ya shamba na kitabu cha ushirika wa kahawa. Sanduku hilo halikuonekana tena.

Lawama zikamwangukia shangazi, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Hakuna aliyempeleka kwa chifu wala mahakamani. Walimhukumu kimyakimya, na hiyo inauma zaidi. Mahari zilipokewa bila yeye kuitwa. Watoto wake walipokuja likizo kijijini walitazamwa kama wageni. Mimi nimekua nikisikia kwamba shangazi ndiye "aliyekula" shamba letu.

Baada ya baba yangu kufariki tulikuwa tukipanga karatasi zake, tukakuta bahasha ya risiti za shule. Ndani mlikuwa na cheti cha bunduki cha babu, na kikaratasi cha nakala ya kaboni kutoka kituo cha polisi: bunduki moja, nambari yake, risasi za marisau, mfuko wa ngozi. Imepokewa kutoka kwa fulani, rafiki wa marehemu, kwa niaba ya familia. Jina halikuwa la mtu wa ukoo wetu. Chini yake palikuwa na sanduku la posta la Ruiru.

Nilimpelekea shangazi kikaratasi kile. Alilisoma lile jina akasema papo hapo: "Huyo alikuwa mweka hazina wa kikundi chao. Baba alimtumia ufunguo akiwa hai, kwa sababu aliogopa kuacha bunduki kwenye nyumba isiyo na mtu." Nikamuuliza mbona hakusema miaka yote hiyo. Akanijibu, "Hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wakiniambia tu."

Mweka hazina naye alishafariki. Mwanawe tulimpata kupitia kanisa lao. Sanduku lilikuwa kwenye stoo yao, limefunikwa magunia, na kufuli ya babu ikiwa bado imening'inia. Baba yake alikuwa amemwagiza asimpe mtu yeyote hadi aje mtu mwenye karatasi za mahakama. Vyeti vya hisa vilikuwemo, risiti zilikuwemo, kitabu cha ushirika kilikuwemo. Saa ya babu haikuwemo, na sitamdai mtu saa.

Nitaeleza njia tuliyopitia kadiri mtakavyouliza. Naomba wenye ujuzi wa ofisi na sheria waongeze, maana mimi ni mwalimu tu.

---

BintiPangani

Pole kwa shangazi, na asante kwa kuandika. Nimesoma mara mbili. Sisi baba alifariki 1991 na alikuwa na bunduki mbili za kuwindia tangu zamani. Cheti hatuna, nambari za bunduki hatuna, tuna picha tu ya baba amesimama kando ya Land Rover. Je, mtu anaweza kuanzia hapo?

---

KaraniMstaafu

Mjukuu, umefanya vyema kuandika. Nilifanya kazi ya ukarani kwenye dawati la leseni za silaha katika wilaya moja kwa muda mrefu, kwa hiyo acha nieleze karatasi zilikuwa na nini. Watu hudhani ni cheti tu.

Cheti chenyewe kina jina, anwani, aina ya silaha, mtengenezaji, nambari, na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Kilihuishwa kila mwaka, na kila uhuisho uliacha tarehe na muhuri. Ukipanga tarehe hizo utaona mzee alivyohama: miaka hii alihuisha Thika, kisha Nakuru, kisha akarudi Nairobi. Kwa mtu ambaye familia haijui alikuwa akiishi wapi kati ya 1966 na 1975, mihuri hiyo ni ramani. Popote alipohuisha, huko alikuwa na nyumba au kazi, na huenda pia akaunti ya benki au hisa za ushirika.

Nyuma ya cheti kuna faili ya maombi, na humo ndimo mlimo na utajiri. Mwombaji alitakiwa kutoa sababu ya kutaka bunduki. Aliyesema analinda ng'ombe alieleza ng'ombe hao wako wapi. Aliyesema analinda duka alitaja duka. Mara nyingi kulikuwa na barua ya chifu au ya mwajiri, na maelezo ya mahali silaha itakapowekwa. Nimeona watoto wakigundua kwamba baba yao alikuwa na kipande cha ardhi kwa sababu tu alikitaja alipoomba bunduki ya kufukuza nguruwe mwitu.

Kisha kuna rejista ya muuzaji. Muuzaji wa silaha analazimika kisheria kuandika kila kinachoingia na kutoka: kwa nani, lini, nambari gani. Bunduki ikihifadhiwa kwa muuzaji baada ya kifo, humo kuna jina la aliyeileta na, ikiwa iliuzwa, jina la aliyechukua pesa.

Binti, picha ni mwanzo mzuri. Tafuteni pia mfuko au kasha la bunduki hata kama bunduki haimo. Makasha ya zamani yana kibandiko cha muuzaji ndani ya kifuniko. Hapa Nairobi utakuta jina kama Shaw & Hunter, na kibandiko hicho hukwambia uanzie rejista ya nani.

Jambo moja zaidi: tafuteni kwa nambari mkiweza, si kwa jina. Majina yetu yaliandikwa kila karani alivyosikia. Mtu mmoja utamkuta na jina la ubatizo mwaka huu, mwaka ujao jina la baba yake likitanguliwa na "s/o", na mwaka wa tatu herufi zimebadilika. Nambari iliyogongwa kwenye chuma haibadiliki.

---

Msafiri254

Kwa heshima zote, naona mnawapa watu matumaini makubwa. Ofisi zetu tunazijua. Utaambiwa rudi kesho, faili haionekani, mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo. Na wazee wenyewe walisema marehemu asisumbuliwe. Shamba la mtu aliyekufa miaka arobaini iliyopita mtalirudisha kweli? Si afadhali mtafute yenu?

---

Mjukuu_wa_Makuyu

Ndugu Msafiri, nakuelewa, na kuna ofisi ambayo ilitufanyia hivyo hivyo ulivyosema. Lakini sikuanza safari hii kwa ajili ya ekari. Shangazi yangu ana miaka zaidi ya themanini. Kama angefariki kabla hatujakiona kikaratasi kile, angezikwa na jina la mwizi, na wanawe wangelirithi. Mwaka huu alikaa mezani pamoja na ndugu zake kwenye mahari ya mjukuu wake, na ami yangu mkubwa alisimama mbele ya watu wote akamwomba msamaha. Hata kama hisa zile zisingekuwa na thamani ya shilingi moja, ningeifuata sahihi ile tena.

---

Wakili_Mtaani

Nimekuwa nikifanya kesi za mirathi hapa mahakama za Milimani, kwa hiyo niongeze upande wa sheria. Msitumie maneno yangu badala ya wakili wenu, kila faili ina mambo yake.

Kwanza, tarehe ya kifo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Aliyefariki kabla ya hapo, mgao wa mali yake unafuata sheria au mila iliyomhusu wakati ule, ingawa usimamizi wa mali unafanywa kwa utaratibu wa sheria hii kadiri inavyowezekana. Babu wa Mjukuu alifariki 1984, basi yumo ndani ya sheria hii moja kwa moja.

Pili, msiguse. Kifungu cha 45 kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Yule mweka hazina aliyemwagiza mwanawe asitoe sanduku bila karatasi za mahakama alikuwa na akili ya kisheria kuliko mawakili wengine. Ukiona mali iko hatarini kuuzwa au kuharibika, omba idhini ya muda chini ya kifungu cha 67, ile tunayoiita ad colligenda bona. Inakuruhusu kukusanya na kuhifadhi tu, si kugawa. Ukiwa nayo, barua yako kwa ofisi yoyote ina uzito, kwa sababu huandiki tena kama mjukuu mwenye hamu ya kujua, unaandika kama mtu aliyepewa kazi na mahakama.

Tatu, hakikisheni kama kuna mtu alishawatangulia. Hili watu wengi hulisahau na linaumiza. Huenda mirathi ilishafunguliwa zamani na mtu mmoja, kimya kimya. Ombi la mirathi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na wenye pingamizi hupewa siku 30. Tangazo lina jina la marehemu, mahali na tarehe ya kifo, jina la mwombaji na uhusiano wake. Likilingana na jina lililo kwenye karatasi ya bunduki, mmepata mtu wenu. Nendeni kwenye masijala ya mahakama iliyotajwa mwombe faili. Humo kuna fomu P&A 5, ambamo mwombaji aliorodhesha mali kwa kiapo. Ikiwa bunduki imo kwenye orodha lakini hisa hazimo, au watoto wengine hawakutajwa, kifungu cha 76 kinaruhusu kuomba idhini hiyo ifutwe kwa sababu ya kuficha jambo muhimu.

Kwa ardhi, msikae. Madai ya kurudisha ardhi kutoka kwa mtu yana kikomo cha miaka 12 kwa kawaida, na kuanza kuhesabu kunategemea mambo mengi. Mwende kwa wakili mapema.

---

Msimamizi wa Jukwaa

Nimeondoa picha mbili zilizowekwa hapa zikionyesha vyeti vyenye majina kamili na nambari za bunduki. Tafadhali msiweke. Nambari ya silaha na jina la mwenyewe vikikaa wazi mtandaoni, mtu mbaya anaweza kujifanya ndugu wa marehemu. Ombeni msaada kwa kueleza, karatasi zibaki kwenu.

---

MzeeWaKarai

Wanangu, mimi ni mtu mzima sasa. Nataka mjue kwa nini wazee wenu hawapendi maneno haya ya bunduki, ili mkienda kuwauliza muende kwa upole.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, kukutwa na bunduki au hata risasi moja bila kibali kulikuwa jambo la kunyongwa. Kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi mwenyewe, alihukumiwa Nyeri mwaka wa 1956 kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akanyongwa Februari 1957. Mtoto aliyekua wakati huo alijua kwamba karatasi yenye neno bunduki inaua. Kwa hiyo mama zetu walichoma karatasi nyingi, hata zile halali, hata miaka mingi baada ya uhuru. Mkikosa cheti nyumbani msifikiri kilifichwa na mwenye nia mbaya. Huenda kilichomwa na mtu aliyewapenda.

Tena, si kila mzee aliyeonekana na bunduki miaka ile alikuwa na leseni yake. Hom gadi, wale walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali ya mkoloni, walipewa bunduki na serikali. Zile hazimo kwenye vyeti vya watu binafsi. Alama zake mtazitafuta kwenye faili za wakuu wa wilaya, ambazo ziko Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, kwenye jengo la zamani la benki. Faili za Kiambu zinaanza na DC/KBU, za Murang'a ya wakati huo DC/FH, kwa kuwa iliitwa Fort Hall, za Machakos DC/MKS. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Mwende na penseli na subira. Wahudumu wa chumba cha kusomea ni watu wema ukieleza unachotafuta.

---

BintiPangani

Shikamoo Mzee, asante sana. Mama alichoma kweli. Alichoma karatasi za baba kwenye jiko la makaa baada ya arobaini, na sisi watoto tulimkasirikia. Leo nimempigia simu dada yangu Mombasa tukazungumza juu ya hilo kwa mara ya kwanza.

Swali langu jingine: baba alikuwa mwindaji mwenye leseni hadi serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Nyumbani kwa ndugu mmoja kuna pembe za mnyama zimetundikwa ukutani ambazo tunajua ni za baba. Tunaweza kuzidai kama sehemu ya mirathi?

---

KaraniMstaafu

Binti, uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na mwaka huo ni muhimu sana katika utafutaji wenu. Mtu aliyepewa bunduki kwa sababu ya kuwinda alipoteza sababu yake siku ile. Wengine waliziuza, wengine walizikabidhi, wengine waliombea sababu mpya kama ulinzi wa shamba. Tazameni kati ya 1977 na 1979 kwanza. Ikiwa baba aliuza bunduki wakati huo, bunduki hazikuwa mali yake tena alipofariki 1991, na familia inaacha kuzitafuta kwa amani.

Kuhusu pembe, hilo liogopeni. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa na nyara ya mnyama bila kibali ni kosa lenye adhabu kali, hata kama ilipatikana kihalali enzi za leseni. Msizihamishe, msizigawane. Nendeni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na maelezo yenu kwanza.

Na kwa wote: ikitokea mkafungua sanduku la mzee mkakuta bunduki yenyewe au risasi, msiishike, msiibebe kwenye matatu kuipeleka mjini. Fungeni, piteni kituo cha polisi kilicho karibu, waje waichukue wao, na muombe nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Nambari hiyo ndiyo kinga yenu.

---

NyumbaYaMawe

Habari zenu. Nasimamia nyumba ya zamani kule Karen. Mwenyewe alikuwa Mwingereza, alifariki zamani, na jamaa zake wa Uingereza wamekuwa wakiniandikia kuuliza vitu vyake. Wao wana barua moja tu inayotaja bunduki ya London. Je, huko kwao kuna rekodi kama hizi zetu?

---

Mjukuu_wa_Makuyu

Ndugu NyumbaYaMawe, zipo, na wao wana bahati kuliko sisi. Uingereza ilianza vyeti vya silaha kwa sheria ya mwaka 1920, vikitolewa na polisi wa kila eneo, na baadhi ya daftari hizo za zamani zimehifadhiwa kwenye makavazi ya majimbo yao. Tena watengenezaji wa bunduki ghali kama Holland & Holland wa London na Westley Richards wa Birmingham walitunza vitabu vyao kwa nambari. Ukiwa na nambari unaweza kujua iliuzwa kwa nani na lini. Wao waanzie huko, wewe uanzie hapa kwenye karatasi za kukabidhi. Mkikutana katikati mtajua aliyeipeleka kituoni ni nani. Kwa Mwingereza aliyefariki Nairobi, mara nyingi ni wakili wake au meneja wa benki, na hapo mmefika kwenye faili yake ya mirathi.

Niongeze jinsi tulivyoiandikia Bodi ya Leseni za Silaha, kwa sababu watatu wameniuliza faraghani. Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Iliandikwa na ami yangu, ambaye ndiye aliyepewa idhini na mahakama. Tuliambatanisha nakala ya idhini, cheti cha kifo, barua ya chifu, na nakala ya kile kikaratasi. Tuliomba mambo mawili tu: uthibitisho kwamba silaha hiyo ilikabidhiwa, na nani aliikabidhi. Hatukuomba faili nzima, maana ofisi ya usalama ukiiomba kila kitu itaogopa kukupa chochote. Tulitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma kukujibu ndani ya siku 21. Ukinyimwa bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Kuna habari wanaweza kuzuia kwa sababu za usalama au faragha, na hilo ni sawa. Jina la aliyekabidhi bunduki ya babu yako mwenyewe ni jambo dogo la kuomba.

Mkumbuke pia Desemba 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wa bunduki wakaguliwe upya na kupewa leseni mpya za kielektroniki. Mzee aliyefariki zamani hatakuwa kwenye mfumo huo. Mkiambiwa "hayumo kwenye kompyuta", ombeni kwa adabu watazame daftari za zamani, na muwape mwaka na kituo.

---

Wakili_Mtaani

Mjukuu amesema vizuri kuhusu kuomba kidogo. Niongeze sehemu mbili za kuangalia baada ya kumpata mwenye sahihi. Moja ni Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Gawio la hisa na akaunti zilizolala huishia huko, na unaweza kutafuta kwa jina la marehemu. Nyingine ni yale matangazo ya Gazeti Rasmi kuhusu hatimiliki zilizopotea. Mtu akidai hati imepotea, hutangazwa siku 60 kabla ya kutolewa mpya. Kama shamba la mzee wenu lilibadilishwa jina kwa njia hiyo, tangazo lipo, na jina la aliyedai lipo.

---

Msafiri254

Nimerudi. Nimekaa na yale maneno ya shangazi siku kadhaa. Mama yangu naye kuna dada yake ambaye hatumtembelei, kwa sababu ya ng'ombe na cherehani ya nyanya. Mjomba wetu mmoja alikuwa na bunduki ya kulinda duka lake Gikomba kabla hajafa. Kituo nakijua. Naanzaje bila kumtia mama hofu?

---

MzeeWaKarai

Mwanangu, usianze kwa mama. Anza kwa huyo shangazi yako mnayemwacha. Nenda na sukari na majani ya chai, kaa, ule chakula chake. Usitaje ng'ombe wala cherehani. Muulize tu: mjomba alipofariki, bunduki ilipelekwa na nani? Hilo halimshtaki mtu yeyote, na kila aliyekuwepo siku ile atakumbuka, kwa sababu bunduki ikibebwa nyumbani watu wote husimama kutazama.

---

BintiPangani

Wadau, nimepata. Nilianza na Gazeti Rasmi kama alivyosema wakili, nikatafuta jina la baba katika miaka ya 1991 hadi 1994. Kuna tangazo la mirathi. Mwombaji si ndugu yetu mwenye pembe ukutani, ambaye tumemshuku miaka yote. Ni mshirika wa baba wa biashara, ameandikwa kama mdai, yaani mtu anayemdai marehemu deni. Nambari ya kesi ninayo. Jumatatu naenda masijala.

---

Wakili_Mtaani

Vizuri sana, dada. Mdai ana haki ya kuomba, lakini mbele yake kifungu cha 66 kinawatanguliza mke na warithi wengine, kwa hiyo faili inapaswa kuonyesha kama mama yako alikubali au alipewa taarifa. Tazama hilo kwanza. Kisha tazama P&A 5, na utafute orodha ya mali na hesabu ambazo kifungu cha 83 kinamtaka msimamizi kuwasilisha. Omba nakala zilizothibitishwa, lipia, na uchukue risiti.

---

Mjukuu_wa_Makuyu

Na kama bunduki mbili zimo kwenye orodha hiyo, Binti, nakili nambari zake kabla ya kitu kingine chochote. Ukishazipata, andika barua kwa Bodi kama nilivyoeleza. Nitakutumia faraghani mfano wa barua yetu, majina yakiwa yamefutwa.